Viazi Vilivyogoma Kunywa Maji

Jumatatu, 3 Machi

Shule hii imesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni mkuu wa shule, ya pili ni mimi, na mkuu wa shule huwa anakwenda likizo. Naliandika hili mapema ili atakayekuja kuandika historia ya mahali hapa asihangaike kuulizauliza. Mimi ndiye mtunza maabara. Funguo zote ziko kiunoni mwangu, na nikipita koridoni hata walimu hujiweka sawa. Shuleni mimi mwenyewe sikukaa sana, kwa sababu walimu wa wakati ule waliona nimeshajua.

Leo mpwa wangu ameanza kazi hapa. Mtoto wa dada yangu, wa pili kwa kuzaliwa, wa kwanza kwa akili. Mwalimu wa biolojia! Wenye wivu watasema amepata kazi kwa vyeti vyake. Sikatai, vyeti vilikuwepo. Lakini ni nani aliyemwendea mkuu wa shule akiwa na kikombe chake cha chai mkononi, akamwambia, "Mama, nina mpwa"? Vyeti haviwezi kusimama mlangoni na kukohoa kwa adabu.

Asubuhi tulipofika getini akanivuta mkono.

"Mjomba, humu ndani usiniite mama."

"Nikuite nani?"

"Mwalimu."

"Sawa, mama."

Bado yuko kwenye matazamio. Mwezi ujao, muhula ukikaribia kufungwa, atakuja mkaguzi, akae nyuma ya darasa na kalamu yake, amwangalie akifundisha kwa vitendo. Akiridhika, mtoto anathibitishwa kazini. Asiporidhika, mtoto anafunga virago anarudi kwa mama yake, na mimi nitatembea mtaa huu kichwa chini, maana nimeshamwambia kila mwenye masikio kwamba hapa nimemwingiza mimi.

Mvua imeanza.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimeosha bika zote, zile bilauri za maabara. Moja imejivunja yenyewe.


Ijumaa, 7 Machi

Nimesimama mlangoni kumsikiliza akifundisha, si kwa umbea, kwa usalama wa vyombo. Alichukua punje moja ya pamanganeti, ndogo kama kichwa cha sisimizi, akaidondosha kwenye bika ya maji. Hakukoroga. Rangi ya zambarau ikaanza kushuka, ikajinyoosha, ikatambaa, mpaka maji yote yakawa na rangi moja.

"Hii ndiyo difyusheni," akasema. "Vitu hutoka penye wingi, huenda penye uchache, mpaka viwe sawa kila mahali. Hakuna aliyevisukuma."

Nikaona wanafunzi wengine wameduwaa, nikawasaidia pale mlangoni: "Ni kama umbea. Unaanzia chumba cha walimu, saa ya mapumziko uko jikoni, jioni uko kwa mkeo."

Darasa likacheka mpaka vigae vikaitika. Mpwa wangu alinitazama kwa jicho la mama yake, lile lililokuwa linanitoa mezani nikiwa mtoto.

Nyuma yangu ikatokea sauti: "Profesa wa ufagio, leo unafundisha?" Ni mwalimu wa kemia. Wanafunzi wanamwita Asidi, na hawakukosea. Mtu mwembamba, koti lake lina matundu ya kemikali, hacheki ila kwa pua. Simpendi na sijawahi kumpenda.


Jumanne, 11 Machi

Leo usiku wakati wa kula mpwa wangu, ambaye anakaa kwetu, ametuambia atakachomwonyesha mkaguzi. Mke wangu aliuliza kwa kuwa anapenda kujua; mimi niliuliza ili kuhakiki.

Ni viazi. Viazi hivi hivi vya sokoni. Unamenya kiazi, unakikata chini kisimame, unakichimba katikati kiwe kama kikombe. Unakisimamisha kwenye sahani ya maji. Ndani ya tundu unatia maji mazito ya sukari kidogo, unachoma pini kuonyesha yamefika wapi. Unasubiri. Maji ya sahani yanapenya ukuta wa kiazi, yanaingia tunduni, yanapanda juu ya pini. Peke yake! Hiyo inaitwa osmosisi.

"Nani anayapandisha?" mke wangu akauliza.

"Kuna utando, mkazamjomba. Mwembamba, huuoni. Maji unayapitisha, sukari unaizuia. Kwa hiyo maji yanakimbilia kule kwenye sukari."

"Kama mjomba wako," mke wangu akasema.

Nikayapuuza hayo. Nikamwambia mpwa wangu kazi ya kuchonga viazi aniachie mimi. Nimekuwa mpishi wa kambi ya wajenzi wa reli, watu elfu, nikimenya viazi kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. (Kambi ilikuwa ndogo kidogo, lakini reli ilikuwa ndefu.) Akasema, "Asante, Mjomba. Naomba viwe tayari kila nikifika asubuhi." Alisema kwa moyo, na mimi nikavimba kifua.


Jumatatu, 17 Machi

Kiazi kibichi ni kigumu, bwana. Kijiko cha kwanza kimepinda. Cha pili kimenirukia kwenye kidevu. Nilipochimba kwa kisu, kisu kikatokea upande wa pili na kikombe kikawa bomba.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na mboga. Nimechemsha birika, nimevitumbukiza viazi vyote kwenye maji ya moto, nikaviacha humo nikifagia maabara nzima. Nilipovitoa, kijiko kiliingia kama kwenye papai. Tena havikugeuka vyeusi, vilibaki vyeupe vinang'aa! Nimevipanga kwenye trei kama meno ya mtangazaji. Mpwa wangu ameingia akashika mdomo: "Mjomba! Umevichonga saa ngapi?"

"Ufundi," nikamwambia, nikaenda zangu. Fundi hatoi siri ya nyundo yake.


Jumanne, 18 Machi

Havikupanda.

Vilikaa tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Maji ya tunduni hayakuivuka pini hata kwa unywele. Katika viwili vitatu yalishuka. Mpwa wangu alikuwa anainama, anatazama, anainuka. Wanafunzi walivumilia kwanza, halafu msichana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, viazi vimefunga," darasa likalipuka.

Amesema labda sukari ilikuwa kidogo.


Alhamisi, 20 Machi

Ameongeza sukari. Havikupanda.

Mvua inanyesha kutwa nzima. Mimi siwezi kukaa. Nikikaa miguu inatikisika yenyewe mpaka funguo zinalia, nikisimama nasogeza viti ambavyo viko sawa.


Jumatatu, 24 Machi

Nimeanza kufikiri kwa undani, na nikifikiri kwa undani lazima mtu atapatikana. Viazi nimevichagua mimi. Nimevichonga mimi. Kwa hiyo kosa haliko kwenye viazi. Maji ni ya bomba. Inabaki sukari. Na kabati la sukari liko karibu na mlango wa nani? Wa Asidi.

Tena juzi alinijia akiwa ameficha kitu mfukoni. "Profesa, nasikia unachonga viazi kwa kijiko. Nina kifaa kizuri zaidi." Akatoa bomba dogo la chuma lenye makali mdomoni, la kutobolea vizibo vya mpira. Nikamwangalia juu mpaka chini. Mtu asiyekupenda hakuletei chuma bure. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimechonga viazi kabla hujajua kuvila." Akacheka kwa pua, akaondoka.

Kuanzia leo naionja sukari kila asubuhi, nione kama haijabadilishwa.


Jumatano, 26 Machi

Nimeionja. Ni sukari.


Alhamisi, 27 Machi

Nimeionja mara tatu kwa uhakika. Mpwa wangu ameuliza mbona sukari inapungua. Nimesema unyevu.

Havikupanda. Safari hii mkuu wa shule alikuwepo. Aliinama juu ya viazi, akainuka taratibu, akasema, "Mwalimu, mkaguzi atataka kuona matokeo, si maelezo." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Jioni dada yangu kapiga simu. "Kaka, mwanangu anakula? Sauti yake haipo." Nikamwambia anakula, anang'aa, wanafunzi wanambeba juu juu. Dada yangu akasema, "Nimemkabidhi kwako." Nikamjibu amemkabidhi pazuri. Nilipoweka simu chini mke wangu alikuwa ananitazama. Nikatoka nje kuangalia kama mvua bado inanyesha, ilhali nilikuwa naisikia juu ya bati.


Jumamosi, 29 Machi

Leo sina budi kuandika kwa kirefu.

Mpwa wangu aliamua kujaribu peke yake, shule ikiwa haina watu, aone tatizo liko wapi. Nikasema nitamtangulia niandae. Nikafika, nikawasha jiko, nikaweka birika, viazi vikaingia kwenye sufuria ya maji ya moto kama kawaida. Nikawa napiga mluzi. Mvua ilikuwa inapiga madirisha, ndiyo maana sikumsikia anaingia.

"Mjomba, unapika nini?"

"Sipiki. Naandaa."

Alikuja akatazama ndani ya sufuria. Akatazama trei. Akachukua kiazi kimoja akakiminya kwa vidole, kikabonyea.

"Mjomba. Hivi ndivyo ulivyofanya siku zote?"

"Ndiyo siri yenyewe. Vinalainika, na weupe haupotei. Kule kambini..."

"Siku zote?"

"Tangu cha kwanza."

Akavuta stuli akakaa. Nilidhani anataka kupumzika. Nikamwambia, "Usijali, mama, vinapoa sasa hivi." Akaweka mikono usoni.

Halafu akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. Kiazi kibichi kiko hai. Kimejaa vyumba vidogo vidogo, seli, na kila chumba kina utando wake, na ule utando haufanyi kazi isipokuwa ukiwa mzima: maji pita, sukari subiri. Ukikichemsha, utando unakufa. Unabaki kama geti lililoangushwa. Sukari inatoka itakavyo, maji yanazurura, na hakuna kinachopanda.

"Kiazi kilichochemshwa ni maiti, Mjomba. Nilikuwa namwuliza maiti maswali."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilitaka kusema kwamba hakuniambia. Kwamba viazi vya mvua vina matatizo yao. Nilishafungua mdomo. Ndipo akasema, wala si kwangu, aliiambia meza:

"Nilidhani ni mimi. Nilikuwa silali, nasoma vitabu upya toka mwanzo. Nilidhani mimi ndiye sijui."

Basi mdomo ukajifunga. Kwa maisha yangu yote nimewahi kukosa la kusema mara chache sana, na zote nilikuwa kwa daktari wa meno.

Alivaa koti akaondoka kwenye mvua bila kuvijaribu hata vile vibichi viwili vilivyobaki. Nilizima jiko. Nilivitazama viazi vyangu vyeupe. Vilikuwa vizuri kweli, hilo sitaligeuza.


Jumapili, 30 Machi

Hasemi nami. Ananisalimu, "Shikamoo Mjomba," kwa sababu amelelewa, lakini salamu yenyewe ni kama risiti.


Jumatatu, 31 Machi

Mke wangu ameambiwa. Hakucheka. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema, "Ungemwambia tu kwamba viazi ni vigumu."

"Mimi nishindwe na kiazi?"

"Si ndiyo hivyo umeshindwa?"


Jumatano, 2 Aprili

Barua imekuja: mkaguzi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Somo moja tu atalitazama. Nimejaribu kuchonga vibichi nyumbani kwa siri. Nimejikata dole gumba na kuharibu viazi vya chakula. Tumekula vipande.


Ijumaa, 4 Aprili

Nimezunguka uwanja wa shule kwenye mvua, nikapita mlango wa Asidi, nikarudi, nikapita tena. Mara ya mwisho akafungua kabla sijabisha.

"Profesa, unaniharibia sakafu ya nje. Ingia."

Nikaingia. Nikamwambia, "Lile bomba lako la chuma."

"Lipi?"

"Unajua lipi, mwalimu. Usinizungushe."

Akafungua droo, akalitoa, akaliweka mezani katikati yetu. Nilidhani sasa atanisimanga, na nilishajiandaa kusimangwa. Badala yake akachukua kiazi kibichi mfukoni mwa koti (mtu gani huyu anatembea na kiazi?), akanionyesha: unasimamisha wima, unazungusha, husukumi. Tundu likatoka la duara, safi, kama limechongwa na mashine. Akanipa mimi. La kwanza likaenda upande. La pili likakaa.

"Unasukuma," akasema. "Wewe kila kitu unasukuma."

Nikamwuliza tangu lini alijua viazi vilikuwa vimechemshwa. Akasema hakujua, alidhani sukari ni mbovu, akamnunulia mpwa wangu pakiti nyingine kimya kimya, akaiweka kabatini. Ile ile niliyokuwa naionja. Na kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule alipouliza kama mwalimu mpya anamudu, yeye ndiye aliyesema, "Mpeni muda, anajua." Mimi sikuwepo. Mtunza maabara hakai vikao.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Koti lake lina matundu kwa sababu anasimama karibu sana na wanafunzi wakimwaga vitu. Sijui kwa nini niliona leo.


Jumatatu, 7 Aprili

Nimeweka trei ya viazi vibichi mezani kwake kabla hajafika, vya duara, bila birika. Sikusimama mlangoni. Nilikwenda kufagia mahali palipofagiliwa.

Saa ya chakula alinifuata. Alikuwa amebeba kiazi kimoja kwenye sahani kama mtoto mchanga. Maji yalikuwa yameipita pini, yamejaa mpaka mdomoni, yanatetemeka.

"Kimekunywa, Mjomba."

"Nakiona."

"Nani amekuchongea?"

Hapo palikuwa na nafasi nzuri sana ya kusema mimi. Nikasema, "Asidi kanifundisha." Akaangalia dole gumba langu lenye kitambaa.


Jumatano, 9 Aprili

Leo jioni, tukifunga maabara, amesimama akiwa ameshika mfuko wake.

"Mjomba, kesho viazi vyote vibichi."

"Najua, mwalimu."

"Ila kimoja nichemshie. Nataka wanafunzi waone kilicho hai na kilichokufa, vikae pamoja." Akavaa koti lake. "Hicho kimoja fanya kama unavyojua wewe."

Sijawahi kuchemsha kiazi kwa uangalifu namna hii. Mvua haijakatika. Natembea ndani ya nyumba mpaka mke wangu kaniambia nitatoboa sakafu.


Alhamisi, 10 Aprili

Siku kuu imepita na iandikwe ilivyokuwa. Mkaguzi alifika amelowa, mtu mnene mwenye suti ya kijivu. Akakaa nyuma. Mpwa wangu akasimama mbele, sauti yake imenyooka, viazi vimejipanga. Vibichi vikapanda, vyote, kimoja kikamwagika kabisa! Kilichochemshwa kikalala pale pale. Akauliza darasa, "Kwa nini?" na mikono ikainuka kama shamba la mahindi. Yule msichana wa mbele akajibu mpaka mkaguzi akaacha kuandika. Mwishoni mkaguzi akasimama, akasema mwalimu huyu athibitishwe, kisha akanijia mimi, mbele ya macho ya watu, akanishika mkono wangu kwa nguvu.

Dada yangu nimempigia. Amelia. Mke wangu amenipa kipande cha nyama ambacho hakikuwa changu. Mpwa wangu kaja kunikumbatia, kaniita Mjomba mbele ya walimu wote.

Nimeyasoma tena niliyoandika hapo juu. Ni kweli yote, amethibitishwa, viazi vilipanda, na mkono nilishikwa. Ila ya darasani sikuyaona. Nimesimuliwa na Asidi.

Mkaguzi alipokaa na kufungua kalamu yake, miguu yangu ilinipeleka stoo. Nilirudishia mlango, nikachuchumaa nyuma ya makasha ya chupa, nikafumba macho, nikaziba masikio kwa vidole, maana niliona kama nikisikia wanafunzi wanacheka tena sitaweza kutoka humo. Sijui nilikaa kiasi gani. Nilipofumbua macho kulikuwa na viatu vilivyolowa mbele yangu. Mkaguzi. Kumbe na stoo hukaguliwa.

"Mzee," akasema, "umepoteza nini?"

Nikasema, "Kizibo."

"Kikubwa au kidogo?"

"Cha kati."

Akaweka karatasi zake juu ya kasha, akakunja suruali yake ya kijivu, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kutafuta. Nikawa sina la kufanya ila kutafuta naye. Tukapapasa chini ya rafu, yeye kule, mimi huku. Ndipo akaniambia, akiwa ameinamisha kichwa chini ya kabati, "Yule binti anajua kazi yake. Nimempitisha. Ni nani yako?" Na mimi, niliyeutangazia mtaa mzima, sauti haikutoka. Akadhani ni vumbi. Alinishika mkono ili kuniinua.

Kwenye ripoti yake (Asidi ameiona) mkaguzi kaandika kwamba mtunza maabara ni mwangalifu sana wa vifaa, atafutiwe kizibo kingine.

Hakukuwa na kizibo.